Darasa zima linamcheka mwanafunzi wangu mwenye usonji. Nianzie wapi?

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya msingi ya serikali wilayani Muheza. Nina wanafunzi 74 katika chumba kimoja. Mmoja wao nimwite Bakari, ingawa si jina lake. Ana miaka tisa. Kabla hajaanza shule mama yake alimpeleka hospitali, akaambiwa mtoto ana usonji. Barua ya daktari ninayo kwenye faili lake.

Bakari anasoma. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemweleza habari zake hudhani hasomi. Kiswahili anakisoma vizuri kuliko nusu ya darasa, na kujumlisha hakumpi shida. Kinachomsumbua ni watu na makelele. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na dirisha la darasa langu liko hatua chache tu kutoka hapo. Ikigongwa, anaziba masikio na kupiga ukelele, na siku nyingine anaingia chini ya dawati. Akifurahi, anapunga viganja kwa kasi mbele ya uso wake. Ukimuuliza, "Bakari, umekula?" anakujibu, "Bakari, umekula?" Ana mfuko wa vizibo vya soda anaovipanga kwa rangi. Akikaa upande wa barabarani anakutajia basi linalotoka Segera kabla hujaliona, kwa mlio wake tu.

Tatizo ni wenzake. Wanamwita zezeta. Yupo mvulana mmoja, hodari darasani na hodari wa mpira, amejifunza kuiga ile mikono, na akiiga darasa zima linavunjika mbavu. Wakati wa mapumziko wanamnyang'anya kizibo kimoja na kurushiana ili wamwone akilia. Wiki iliyopita Bakari alimng'ata aliyekuwa nacho. Mzazi wa mtoto aliyeng'atwa amekuja ofisini, anataka Bakari aondolewe. Mzazi mwingine ameeneza huko mtaani kwamba mtoto ana mashetani na watakaokaa naye watayapata. Wa tatu anasema ni chanjo ya surua. Mwalimu mkuu ni mtu mwema ila amechoshwa na maneno, na sasa ananiambia nimshauri mama ampeleke mtoto kitengo maalumu cha mjini. Mama huyo anauza vitumbua. Nauli ya kila siku ya watu wawili, kwenda na kurudi, ataitoa wapi?

Wanafunzi nimewakemea na kuwapa adhabu ya kufagia uwanja. Nikiwepo wananyamaza, nikigeuka wanaanza upya. Nilifikiria kuwaeleza darasa zima kwamba Bakari ni mgonjwa, wamwonee huruma. Mama yake akanisihi nisimtaje mtoto wake mbele ya watu, akasema mtaani wameshamsema vya kutosha.

Ni binti mmoja tu anayekaa naye dawati moja bila taabu. Wakimenya machungwa mapumziko, humpa Bakari maganda, kwa sababu Bakari anapenda kuyakunja na kuyanusa. Wala hawaongei sana.

Niwaambie wenzake au nisiwaambie? Nikiwaambia, niseme nini kitakachowaingia watoto wa miaka tisa? Na hawa wazazi nifanye nao nini?

Mwalimu wa darasa la tatu, Muheza

*

Marahaba mwalimu mwenzangu, na pole na kazi. Wanafunzi 74 si mchezo, na bado umekuwa na jicho la kuona kwamba mmoja wao anatambua basi kwa mlio.

Nianze na yule binti wa maganda ya machungwa, maana ameshafanya karibu kila kitu ninachotaka kukushauri. Ameona mwenzake anapenda nini, anampa, hamlazimishi kuongea, wala hajitangazi kwamba anamsaidia. Hakuna aliyemfundisha. Tunachotaka sasa ni watoto wengine wachache wafike pale alipofika yeye, na kufagia uwanja hakutawafikisha. Adhabu inamfundisha mtoto kuchungulia kama mwalimu yupo. Haimfundishi afanye nini akikutana na Bakari kwenye foleni ya uji.

Katika barua yako kuna jambo moja umelipatia, nami nataka ulishike sana: umeandika kwamba tatizo ni wenzake. Walimu wengi, na wazazi, huchukulia kwamba mtoto mwenye usonji ndiye wa kufundishwa mpaka afanane na wengine, kisha hao wengine watampokea wenyewe. Mwaka 2012 Connie Kasari wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu watoto 60 wenye usonji waliokuwa wakisoma katika shule za kawaida. Baadhi yao walifundishwa wao wenyewe namna ya kuanza mazungumzo na kuingia mchezoni. Kwa wengine, aliyefundisha hakushughulika na mtoto mwenye usonji hata kidogo. Alikaa na wanafunzi watatu wa darasa lake, akawaonyesha jinsi ya kumtambua aliyebaki peke yake uwanjani na jinsi ya kumwingiza kwenye mchezo. Kazi hiyo ilichukua wiki sita. Pale walipofundishwa wanafunzi wenzao ndipo mabadiliko yalipokuwa makubwa zaidi: mtoto alitajwa na wenzake wengi zaidi kuwa rafiki, na muda aliokaa peke yake uwanjani ulipungua. Watafiti waliporudi wiki 12 baadaye, faida ilikuwa bado ipo.

Ndiyo maana nasema shule yako inaweza. Unahitaji watoto watatu na vipindi vifupi vya wiki chache. Mmoja wa hao watatu unaye tayari.

Lakini kabla ya darasa, mama. Alichokuomba ni haki yake. Habari za afya ya mtoto ni za mtoto mwenyewe na mzazi wake, na mwalimu, hata kwa nia njema, hana ruhusa ya kuzimwaga mbele ya watu 74 watakaozibeba hadi nyumbani. Rudi kwake, ikiwezekana saa za jioni akiwa ameshamaliza biashara. Mweleze kwamba utafundisha darasa zima kuhusu tofauti za watu bila kumtaja yeyote. Mwombe ruhusa ya jambo moja dogo tu, kuwaambia watoto watatu utakaowachagua mambo mawili matatu ya kumsaidia Bakari uwanjani. Neno usonji halina haja ya kutajwa hapo mpaka mama atakapokuwa tayari. Akikataa hata hilo, kubali, uanze na la darasa zima.

Mwulize na Bakari. Sisi wakubwa huwa tunasahau. Kwa kuwa anasoma, mwandikie kwenye karatasi: "Niwaambie wenzako kwamba kengele inakuumiza masikio?" Chini yake weka NDIYO na HAPANA azungushie. Watoto wengi wenye usonji hurudia swali badala ya kulijibu, na si kwamba wanakudhihaki. Maneno yaliyosemwa yamekwenda kasi kuliko walivyoweza kuyachambua. Yaliyoandikwa hayakimbii, anayatazama mpaka amalize. Huenda ukashangaa utakavyojibiwa.

Sasa swali lako kubwa, uwaambie nini. Kwanza futa lile la ugonjwa. Usonji si ugonjwa wa kuugua na kupona. Ni namna ubongo ulivyojengeka tangu utotoni, na mtu huishi nao hadi uzeeni. Ukiwaambia watoto kwamba mwenzao mgonjwa, watauliza atapona lini, wengine wataogopa kumshika mkono, na yule mzazi mwenye habari za mashetani utakuwa umempa kuni za kuchochea moto wake.

Huruma nayo naiogopa. Najua hapa wengi hawatakubaliana nami. Nimeona madarasa ambayo mtoto mwenye usonji hachekwi kabisa, wasichana wanambebea begi, wanamfuta mdomo, wanamjibia maswali, na wakichagua timu ya rede hakuna anayemkumbuka. Wamemfanya mtoto mchanga wa darasa. Bakari ana miaka tisa, anahitaji kuwa na zamu yake kama wenzake, ya kufuta ubao na ya kurusha mpira, na akikosea aambiwe amekosea.

Kipindi chenyewe ningekianza na masikio. Chukua nusu saa. Waambie watoto watoe madaftari, utawasomea sentensi tatu za imla. Ya kwanza isome kimya kikiwa kimetulia. Ya pili isome huku safu ya nyuma inapiga makofi na mtoto mmoja anagonga dawati kwa rula. Ya tatu isome kelele zile zile zikiendelea, na kila mmoja akwaruzwe shingoni na jirani yake kwa gunzi. Kisha uliza nani ameandika yote. Wataruka kwa kicheko, waache. Halafu waulize: kama kelele ya kwenye sentensi ya tatu ingekuwa kila siku masikioni mwako, tangu mstarini asubuhi hadi kengele ya mwisho, ungefanya nini? Watakuambia wenyewe. Ningeziba masikio, ningekimbia, ningelia, ningempiga anayenikwaruza. Yaandike ubaoni maneno yao jinsi walivyoyasema.

Ishia hapo kwa zoezi la kuigiza, usiende mbali zaidi. Kuwaambia watoto wajifanye hawawezi kusema au hawaelewi huwaachia huruma ile ile niliyoisema, na mwigaji wako atapata jukwaa.

Baada ya hapo sema nao kwa lugha yao. Mimi ningesema hivi: "Ubongo wa kila mtu unasikia dunia kwa namna yake. Kuna watu sauti ndogo kwao ni kubwa sana. Kuna watu wakifurahi, mikono yao inacheza yenyewe, kama wewe unavyorukaruka timu yako ikifunga goli. Kuna watu maneno yakija mengi kwa pamoja yanagongana kichwani, kwa hiyo wanahitaji neno moja moja na muda wa kufikiri. Hawana kosa, na wewe usiye hivyo huna kosa. Kwenye darasa hili tutafanyaje ili kila mtu asome?" Kisha waachie waseme. Sheria ya darasa iliyotoka kinywani mwa watoto wanaisimamia wao kwa wao hata ukiwa ofisini.

Huenda mmoja akaropoka, "Kama Bakari!" Usishtuke wala usimkaripie. Sema, "Kila mtu hapa ana lake, mimi mwenyewe siwezi kufikiri redio ikiwa juu," uendelee.

Kuna mchezo mwingine wanaoujua ambao utakusaidia siku ya pili, ule wa kunong'onezana neno sikioni kutoka mtoto wa kwanza hadi wa mwisho. Catherine Crompton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, walifanya jambo la namna hiyo na watu wazima, matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Hadithi ilipitishwa kwenye mistari ya watu wanane. Mstari wa watu wenye usonji watupu uliifikisha hadithi vizuri sawa na mstari wa watu wasio na usonji. Ilipopotea zaidi ni kwenye mistari iliyochanganywa. Maana yake, kutoelewana kunatoka pande zote mbili. Wenzake wanasema Bakari hawaelewi, lakini na wao hawamwelewi Bakari, ila hakuna anayewaita wao mazezeta. Watoto huhitaji hisabu hii ya haki, wanaikubali haraka kuliko watu wazima.

Sasa wale watatu. Mchukue binti wa machungwa, kwa ridhaa yake, na wawili wengine watulivu wanaopendwa na wenzao. Usimchukue mwigaji kwa kudhani ukimpa ulinzi ataacha uonevu. Mtoto aliyezoea kuchekesha watu kwa jasho la mwenzake hapewi funguo za mwenzake siku ya kwanza. Watatu hao kaa nao dakika kumi chini ya mwembe, mara mbili kwa wiki, uwafundishe kwa vitendo. Wamwite jina kwanza. Waseme jambo moja fupi, halafu wasubiri, wahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia. Wasimshike bila kumwambia. Akiziba masikio wamwachie nafasi, mmoja aje kukuita, wengine waendelee na mchezo wao bila kumzunguka na kumkodolea macho. Akisema hataki, basi hataki, watamwuliza tena kesho. Usiwape zawadi wala usiwasifu mstarini kwa kucheza naye. Urafiki unaolipwa unaisha malipo yakiisha, na Bakari ataelewa kwamba yeye ni kazi.

Wacheze nini? Hapo ndipo vizibo vinapoingia. Mpaka leo vizibo ni silaha mikononi mwa waonevu, na vinaweza kuwa mali ya darasa zima. Kwenye Hisabati darasa la tatu bado linahitaji vitu vya kuhesabia. Leta vizibo vingine, vingi, vya shule, na umpe Bakari kazi ya kuvigawa kwa makundi: kila meza vizibo 20, vyekundu kumi na vya kijani kumi. Hakuna atakayeifanya kazi hiyo kwa uhakika kuliko yeye. Wenzake watalazimika kumwendea na kumwomba, naye atawajibu kwa vizibo badala ya maneno. Vyake vya mfukoni vibaki vyake, na iwe sheria ya darasa kwamba cha mtu hakiguswi bila kuombwa, iwe kizibo au penseli. Uwanjani, watatu wako waanzishe mchezo wa kubahatisha basi linalokuja. Nakuhakikishia watashindwa na Bakari, na kushindwa huko kutawafaa.

Mwigaji mwite peke yake, asiwepo mtu wa kumchekea. Mwambie umeona, mwambie kwa jina jambo analolifanya, mwambie likome. Muda huo huo angalia kama kuna mahali pengine pa kumpa nafasi ya kuonekana, maana mtoto hodari anayetafuta vicheko mara nyingi ana njaa ya kutazamwa. Mpe ngonjera, mpe unahodha wa mpira. Watazamaji nao wana sehemu yao. Waambie wazi kwamba anayecheka yumo kwenye kuonea.

Kengele usiiache. Huu ni ushauri mwepesi kuliko wote na huenda ukafanya kazi kubwa kuliko wote. Mwombe mwalimu mkuu rimu ihamishiwe mti wa mbali zaidi, au igongwe kwa kipande cha mti badala ya nondo. Isipowezekana, mgongaji apite dirishani akuonyeshe mkono kabla hajagonga, na wewe umwonyeshe Bakari ishara mliyokubaliana ajizibe mapema. Kinachomtesa mtoto wa aina hii ni kelele yenyewe pamoja na kutojua itakuja lini. Chora ratiba ya siku kwa picha kwenye nusu karatasi, ibandike kwenye dawati lake. Siku mvua ikivuruga ratiba, mwonyeshe mabadiliko kabla hayajamfika.

Umenigusa pia kwa usilolitaja. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani vinaweka kutotazamana machoni kuwa dalili kubwa. Kwetu mtoto anayemkodolea macho mkubwa ndiye anayeonekana hana adabu, kwa hiyo hapo Bakari hana kesi. Kesi yake huwa kwenye shikamoo. Mtoto asiyeamkia, au anayerudishiwa marahaba akairudia marahaba ile ile, anahesabiwa hakulelewa, na wenzake wanalisikia hilo kwa walimu kabla ya kulisikia kwingine. Mama akiridhia, fundisha shule nzima kwamba Bakari akinyoosha kiganja, ndiyo shikamoo yake. Mkubwa atakayeitikia "marahaba" kwa uso mkunjufu mbele ya mstari wa asubuhi atakuwa amefundisha darasa bila chaki.

Na zungumza na walimu wa zamu. Mtoto aliyeingia chini ya dawati kwa sababu ya kengele hachapwi kwa kuchelewa mstarini. Kiboko kikimpata pale, wenzake wamejifunza kwamba kumuumiza kunaruhusiwa.

Wazazi sasa. Aliyeng'atiwa mtoto wake ana haki ya kukasirika, na usimjibu kwa somo la usonji. Mpe pole ya kweli. Mweleze kilichotokea chote, pamoja na kizibo kilichonyang'anywa, na umwambie hatua ulizochukua ili kisirudie: vizibo havichukuliwi tena, Bakari ana mahali pa kukimbilia akizidiwa, na atafundishwa kusema au kuonyesha kadi ya "nirudishie" kabla ya meno. Kung'ata ni kosa, na Bakari ataambiwa hivyo kwa maneno machache, akiwa ametulia. Mzazi akiona mtoto wake naye amelindwa, hasira hupungua.

Wa mashetani na wa chanjo waitie kikao cha darasa, mama wa Bakari akiwa amejulishwa, na jina la mtoto lisitajwe. Mlete mhudumu wa afya kutoka zahanati, maneno haya yana uzito zaidi yakitoka kwake. Usonji hauambukizi. Hautokani na malezi, wala dhambi ya mama. Ulaya na Marekani nako kina mama walilaumiwa kwa miongo mizima kwamba ubaridi wao ndio uliosababisha, hadi utafiti ulipoonyesha kwamba urithi wa vinasaba una sehemu kubwa. Kuhusu chanjo ya surua, uvumi ule ulianzia kwenye andiko la daktari Andrew Wakefield katika jarida la Lancet la Uingereza mwaka 1998. Jarida lenyewe lililifuta mwaka 2010, na Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari nchini humo mwaka huo huo. Mtoto asiyechanjwa surua anaweza kufa kwa surua, na usonji hajakingwa nao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa shule yenye wanafunzi mia kadhaa, Bakari huenda si peke yake. Huyo mzazi anayesema sana asije akawa na mwingine nyumbani asiyemtambua.

Limebaki la kitengo. Kitengo si kitu kibaya. Kuna watoto wanaokihitaji, na walimu waliosomea elimu maalumu katika chuo cha Patandi, Arusha, wanajua mambo mengi tusiyoyajua sisi wengine. Lakini kitengo kichaguliwe kwa sababu kinamfaa mtoto. Uvivu wa wenzake kumzoea si sababu. Bakari anasoma na kuhesabu palepale alipo, na shule anaifikia bila nauli. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto kama yeye haki ya kusoma katika shule ya kawaida. Mwalimu mkuu hahitaji kutishwa kwa sheria, umesema ni mtu mwema. Anahitaji kuona kuna mpango.

Kwa hiyo mwombe muhula mmoja. Mwombe pia amwandikie afisa elimu maalumu wa halmashauri aje kumtazama mtoto darasani na kuwashauri walimu wote, si wewe peke yako. Wewe nunua daftari dogo. Kila Ijumaa andika mistari michache: Bakari alicheza na nani wiki hii, nini kilimzidi, kengele ilikwendaje, nani alimwita jina lake na nani alimwita lile lingine. Muhula ukiisha liweke daftari mezani kwa mwalimu mkuu, na mama wa Bakari awe amekaa hapo mnapolisoma.